Barabara ya Usiku Si Tupu

Katika stendi ya Meru, na vilevile pale Embu mjini, kuna ushauri ambao msafiri hupewa na karibu kila mtu: kama una gari lako na safari ni ndefu, ngoja usiku uingie. "Usiku barabara ni nyeupe," wanasema. Malori yamepungua, matatu hazisimami ovyo katikati ya njia, wanafunzi wamelala, soko la Chuka limefungwa. Na kwenye kona, ambako mchana hujui nani anapanda kutoka ng'ambo, usiku mwanga wa taa zake hukufikia kabla yeye mwenyewe hajatokeza. Wanamalizia kwa kusema kwamba dereva mzoefu, hasa anayeijua barabara ya Embu hadi Meru, yuko salama zaidi saa nane usiku kuliko saa nane mchana.

Nimeisikia hoja hii kwa madereva wa miraa wa Maua, kwa wauzaji wa muguka wa Mbeere, kwa walimu wanaorudi kazini Jumapili usiku ili Jumatatu wawe darasani. Si maneno ya watu wajinga. Ni maneno ya watu waliokwisha kupita njia hiyo mara nyingi mno, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa kuwa mtu anayekupa ushauri huu yuko hai na uhai wake ndio ushahidi wake. Waliouamini wakafa hawako stendi kutushauri.

Mimi nasema ushauri huu ni wa uongo tangu mwanzo hadi mwisho, na nitaanza na ile sehemu yake inayoonekana kuwa na akili zaidi, yaani habari ya taa kwenye kona.

Ni kweli kwamba mwanga wa gari linalokuja hutangulia. Ukiteremka kuelekea daraja la Nithi usiku, utaona miti ya ng'ambo ikimulikwa na utajua kuna mtu anapanda. Lakini mwanga huo unakuambia habari za nani? Unakuambia habari za mwenye taa peke yake. Mkokoteni wa punda unaotoka mashamba ya mpunga ya Mwea hauna taa. Pikipiki ambayo taa yake ya nyuma ilikufa tangu mwaka uliopita na mwenyewe hajaitengeneza haitamulika mti wowote. Lori lililokatika ekseli kwenye mteremko wa Thuci, limeegeshwa nusu kwenye lami na nusu kwenye nyasi, dereva wake amelala ndani na matawi ya majani ameyatandaza hatua chache tu nyuma yake badala ya zile pembetatu za kuakisi mwanga ambazo sheria inamtaka awe nazo, hilo nalo ni giza ndani ya giza. Na kuna mtu anayetembea. Anatoka kesha kanisani, anatoka matangani, anatoka baa ya Nkubu, amevaa koti jeusi kwa sababu ya baridi na anatembea mgongo ukielekea magari kwa sababu hakuna aliyewahi kumjengea njia ya miguu.

Dereva anayesema usiku ni salama kwa sababu ya taa amejifundisha kutafuta taa. Kadiri anavyozidi kuwa hodari wa kuisoma ile mianga ya mbali, ndivyo jicho lake linavyozoea kwamba pasipo na mwanga hapana kitu. Miaka kumi ya kuendesha hivyo haimwongezei usalama hata kidogo. Inamfundisha kosa moja hadi analijua kwa moyo.

Na ni nani hasa wanaokufa barabarani kwetu? Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, zinasema mwaka wa 2024 zaidi ya watu 4,700 waliuawa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni la watembea kwa miguu. Hawa si watu wenye taa. Marekani, ambako barabara nyingi za mijini zina taa za umeme na njia za miguu, takriban watembea kwa miguu watatu kati ya kila wanne wanaouawa na magari hugongwa gizani. Barabara ya Embu hadi Meru haina taa za umeme isipokuwa vipande vichache mijini. Halafu tunaambiana kwamba usiku iko tupu.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo mabishano yote yanapokatikia. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho, asiye na pombe wala usingizi, huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone kitu hadi mguu wake uikanyage breki, na katika muda huo gari limekwisha kula mita 33. Breki zikishika vizuri, tairi zikiwa nzima na lami ikiwa kavu, litahitaji mita nyingine kama 36 kabla ya kusimama. Jumla inakaribia mita 70. Sasa taa za kawaida zilizoinamishwa, ambazo ndizo unazopaswa kutumia kila unapopishana na mwenzako, zinamulika vizuri mita 40 hadi 60 mbele ya gari, na mtu aliyevaa nguo nyeusi humwoni hata kwenye umbali huo mpaka awe karibu zaidi. Kwa hiyo dereva wa kilomita 80, mwenye gari zuri na akili timamu, akimwona yule mtu wa koti jeusi amekwisha kuchelewa. Kilomita 80 ndiyo kasi ambayo kidhibiti mwendo cha matatu kinairuhusu. Ni kasi halali ya mchana tunayoipeleka usiku bila kuuliza.

Ukifika kilomita 100, unahitaji karibu mita 100 kusimama. Kwa 120, ambayo pikapu za miraa na Probox huifikia pasipo aibu kwenye tambarare ya Mwea, unahitaji mita 130. Ukishuka hadi 60, mita 45 zinatosha, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza taa zako na breki zako zinaanza kupatana. Hesabu hizi zote ni za lami kavu na barabara iliyo sawa. Kwenye mteremko wa Thuci au wa Nithi, au wakati wa mvua za Aprili na Novemba, ziongeze.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimelisikia mara nyingi: "Mimi nawasha ful." Taa za mbali kweli hupita mita 100 kwenye barabara iliyonyooka. Lakini nani alikuambia barabara hii imenyooka? Kuanzia Runyenjes hadi Nkubu inakata mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya mmoja baada ya mwingine, na kila mto una mteremko, daraja, kona na mlima wake. Kwenye kona, taa humulika kule gari linakoelekeza pua, yaani kwenye migomba na kahawa, huku lami unayoiendea imebaki gizani upande wa pili. Ukipanda kilele, zinamulika mbingu. Ukungu ukishuka, kama ule wa Julai, taa za mbali zinagonga ukungu na kukurudia machoni kama ukuta mweupe.

Halafu kuna mwenzako. Siku hizi kila fundi wa taa anauza balbu za LED kali kuliko zile gari lilizokuja nazo, zinafungwa kwenye vioo ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya balbu hizo, na mwanga unatapakaa kila upande. Ukipishana na gari la namna hiyo, jicho hupofuka kwa sekunde kadhaa. Sekunde tano kwa kilomita 80 ni mita 111. Nimewahi kukaa kiti cha mbele katika matatu ya usiku kutoka Chuka. Dereva alipishana na lori lenye taa kali hadi akageuza uso pembeni, na mguu wake haukuondoka kwenye mafuta hata kidogo. Tulikwenda ndani ya weusi mtupu kwa muda ambao moyo wangu uliuhesabu kuwa mrefu mno. Hakuna abiria aliyesema neno, mimi nikiwa miongoni mwao, na dereva aliendelea na hadithi yake palepale alipokuwa ameikatiza. Hakuwa mkorofi. Kwake, kutoona kwa sekunde tano ni sehemu ya kazi.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na neno "mzoefu" linavyotumiwa katika jambo hili. Wanasema, "Huyu barabara anaijua." Anachokijua ni lami. Anajua kona ya Kanyakine iko wapi, anajua daraja linakuja lini, anajua wapi kuna matuta. Hajui hata kitu kimoja kuhusu kilichowekwa barabarani tangu saa moja jioni. Hajui kwamba mvua imeangusha udongo na mti karibu na Igoji. Hajui kwamba ng'ombe wamekata kamba. Kujua barabara humsaidia kugeuza usukani kwa wakati, na hilo ni jema, lakini humfanya pia aendeshe kwa kumbukumbu pale ambapo macho yake yameshindwa. Mgeni asiyejua kona iko wapi hupunguza mwendo kwa sababu haoni. Mwenyeji haoni vilevile, ila hapunguzi.

Kuna pia zile ishara za madereva, ambazo wengi wanaziona kama hekima ya barabara. Lori lililo mbele yako mlimani linawasha indiketa ya kushoto, maana yake njia iko wazi, pita. Mchana unaweza kuliamini na wewe mwenyewe ukachungulia. Usiku unakabidhi maisha ya watu wote waliomo garini mwako kwa mtu usiyemjua, ambaye huenda anataka kupinda kushoto aingie kituo cha mafuta, na ambaye kwa vyovyote vile anaona taa tu kama wewe. Pikipiki isiyo na taa inayoteremka upande ule hakuiona wala hakukuambia.

Sasa niseme juu ya usingizi, na hapa najua naingia nyumbani kwa watu. Miraa ni uchumi wa Nyambene, muguka ni uchumi wa Mbeere, na karo za watoto wengi sana zimetoka kwenye miti hiyo. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka wa 2014, na Somalia ilipofunga soko lake mwaka wa 2020 hadi 2022, nyumba za Igembe na Tigania zilihisi njaa. Sina ugomvi na mkulima. Ugomvi wangu ni na imani kwamba dereva akiweka veve, yaani miraa, shavuni basi hahitaji kulala. Miraa humchangamsha mtu, humwondolea hisia ya kuchoka. Uchovu wenyewe unabaki mwilini, na ubongo unaendelea kudai deni lake. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka wa 1997 kwamba mtu aliyekesha saa 17 huwa na wepesi wa mikono na akili sawa na wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, na kufikia saa 24 hali yake inazidi kiwango ambacho polisi wa alkoblo, yaani kipima pombe, wangemkamatia. Dereva aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchuma na kufungasha, akaendesha jioni hadi Nairobi, akageuza saa nne usiku kurudi Maua, amefikisha saa hizo 17 kabla hata hajafika Thika. Kifaa cha alkoblo hakitaonyesha kitu. Miraa humfanya ajihisi yuko sawa, na anayejihisi sawa hasimami kulala. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili wa binadamu unataka kulala upende usipende, na usingizi wa sekunde tatu unatosha kulipeleka gari mtoni. Kanuni za mwaka wa 2014 za magari ya abiria zinamkataza dereva kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Pikapu ya miraa haibebi abiria, kwa hiyo hakuna anayeuliza.

Mara nyingi mabishano yakifika hapa, mtu hutaja Nithi. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilipita juu ya kingo za daraja la Nithi likatumbukia bondeni, mita kama 40 chini, na zaidi ya watu 30 wakafa. "Unaona?" huniambia. "Ilikuwa jioni, haikuwa usiku wa manane. Ajali haina kinga." Kwanza, habari zilizotolewa baada ya ajali zilitaja breki zilizoshindwa, na breki zikishindwa kwenye mteremko ule hazitaangalia saa. Sijawahi kudai kwamba mchana hauui. Nadai kwamba yote yanayoua mchana yapo usiku pia: mteremko ule ule, daraja lile lile, breki zile zile, na juu yake umeongezewa kutoona. Ahadi ya kuinyoosha barabara pale imetolewa na serikali, na mpaka itimizwe ni nani aliye na busara ya kushuka pale usiku kwa kasi ya mchana? Pili, huu msemo wa ajali haina kinga ninauchukia ninaposikia ukisemwa matangani. Breki zina kinga. Usingizi una kinga. Lori lililoachwa barabarani bila pembetatu lina mwenye lori. Tukimzika mtu kwa msemo huo tunamfutia aliyemuua deni lake.

Wengine hunidhania natetea ule upande wa pili, wa kufunga usafiri wa usiku kabisa. Baada ya watu 41 kufa katika basi Ntulele, Agosti 2013, serikali ilibana usafiri wa usiku wa mabasi. Baada ya watu 36 kufa karibu na Salgaa alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, ikayapiga marufuku mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku, halafu marufuku ikaondolewa mapema mwaka uliofuata. Oktoba 2018, alfajiri tena, zaidi ya watu 50 wakafa Fort Ternan. Marufuku hizo ziligusa magari ya usafiri wa umma pekee. Pikapu, Probox na malori yaliendelea kukimbia. Amri za aina hiyo huja na mazishi na huondoka yanaposahaulika, na mama anayekimbizwa kujifungua katika hospitali ya Chogoria saa sita usiku hawezi kuambiwa angoje kuche. Usiku utasafiriwa. Ninachokataa ni kuusafiri kana kwamba ni mchana uliopunguziwa magari.

Basi dereva afanye nini? Aende kwa kasi ambayo taa zake zinaweza kuimudu: akiona mita 50, awe na uwezo wa kusimama ndani ya mita 50. Kwenye barabara hii maana yake ni kilomita 60 akiwa na taa za kawaida, chini ya hapo kwenye kona, mteremko, mvua na ukungu, na 50 au pungufu kila anapopita kituo cha biashara, kama sheria inavyosema kwa mchana na usiku. Anapopishana na taa kali, aangalie ukingo wa kushoto wa lami na aondoe mguu kwenye mafuta kabla ya kupofuka, asingoje hadi apofuke. Afute kioo ndani na nje, maana kioo chenye mafuta na vumbi la Mwea huugeuza kila mwanga kuwa ukungu. Akihisi shingo inalegea, aegeshe kwenye kituo cha mafuta chenye mlinzi, Embu au Chuka, alale dakika ishirini. Aache veve. Abiria naye ana mdomo. Kumwambia dereva "mzee, punguza, hatuoni" si utovu wa adabu, na mkiwa watu watatu mnaosema, hupunguza.

Hoja ya mwisho ya wapinzani wangu ni ya pesa, na ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Wanasema soko haliwezi kungoja. Miraa ikipita siku mbili imekufa, na ndege ya Mogadishu haimsubiri mtu. Haya, tupige hesabu yake pia. Kutoka Meru hadi Embu ni kilomita kama 130. Kwa wastani wa kilomita 80 ni dakika 98, kwa wastani wa 60 ni dakika 130. Tofauti ni nusu saa na dakika mbili. Hiyo ndiyo faida yote inayotafutwa, na tena kwa kudhani kwamba mtu anaweza kushika wastani wa 80 kwenye milima ile, jambo ambalo haliwezekani bila kukimbia 110 pale panaponyooka. Nusu saa hiyo haipotei mikononi mwa dereva. Hupotea Maua na Laare, mzigo unapongojewa kwa sababu mchumaji mmoja amechelewa, kibunda cha mwisho kinafungwa gari likinguruma, na mwenye mzigo anampigia dereva simu kila dakika kumi kumuuliza amefika wapi. Mwenye mzigo ndiye anayeamua saa ya kuondoka, ndiye anayechagua kama gari moja litakuwa na madereva wawili au mmoja, na ndiye anayejua kama dereva wake amelala. Nusu saa anayoitaka barabarani anaweza kuipata shambani kwa kukata mzigo mapema. Na akishindwa kuipata, basi achelewe yeye na kibunda chake kishuke bei sokoni Nairobi, kwa kuwa yule mtu wa koti jeusi anayetoka Nkubu kwa miguu hana hisa yoyote katika biashara hiyo.